Karamu ya Siku Moja, Safari ya Wawili

Tunaona maarusi wengi wakimaliza akiba yao yote kwa karamu ya siku moja. Kwetu ni heri sehemu yake iwekwe kwa safari ya wawili. Wenzetu wa Tanzania waweza kutoka Bagamoyo, penye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868, hadi Dodoma, ambako zabibu za divai huvunwa mara mbili kwa mwaka. Sisi wa Mabalako tuna kakao badala ya mizabibu, na njia ya kwenda Beni na Butembo haina amani kila siku. Lakini inapokuwa salama, nendeni, hata kwa siku moja. Katika vumbi, uchovu na kungojea, mtu humjua mwenzake kuliko katika ngoma na picha za arusi.