Mpe mwenzako kompaila yako aivunje

Nimekuwa kimya kwa muda, na sababu ni kwamba nilikuwa najenga kompaila. Naam, kompaila, kwa lugha ya C, usiku baada ya kazi, bila malipo na bila kuagizwa na mtu. Leo sitawafundisha jinsi ya kuijenga. Nina jambo moja tu la kusema: ukiandika kitu kama hiki, mpe mwenzako akivunje mapema. Usingoje kwanza kiwe kizuri.

Kwa wasiojua, kompaila ni programu inayosoma programu nyingine, ile uliyoandika wewe, na kuigeuza iwe maagizo ambayo kompyuta inaweza kuyatekeleza. Yangu ni ndogo sana, mistari 1,200 hivi. Lugha yake ina nambari kamili, vigeu, na maneno machache kama vile "kama", "wakati" na "andika". Inatoa asembli, kisha GCC inamalizia kazi.

Niliificha kwa miezi minane. Kila wiki nilijiambia nitaionyesha watu nikimaliza kitu fulani. Ukweli ni kwamba niliogopa kuchekwa. Aliyekuwa nayo ni mpwa wangu tu, yuko kidato cha pili, nilimwekea kwenye kompyuta yake ajifunze.

Mwishowe nikampa dada mmoja tunayefanya kazi pamoja. Nilitarajia aseme "hongera". Kabla hata chai haijapoa akaniuliza, "Kaka, umewahi kuijaribu kwa kutoa mara mbili mfululizo?" Akaandika hivi:

andika 10 - 4 - 3;

Jibu likaja 9. Wewe na mimi tunajua ni 3. Akajaribu 100 / 10 / 2, ikasema 20 badala ya 5.

Kosa lilikuwa wapi? Funksheni yangu ya kusoma hesabu ilikuwa ikichukua nambari ya kwanza, ikiona alama ya kutoa, inajiita yenyewe isome yote yaliyobaki. Kwa hiyo 10 - 4 - 3 ikawa 10 - (4 - 3), yaani 10 toa 1. Dawa yake ni ndogo: badala ya funksheni kujiita, tumia kitanzi kinachokusanya jibu kutoka kushoto kwenda kulia. Mistari sita.

Lakini kwa nini sikuliona kwa miezi minane? Kwa sababu majaribio yangu yote yalikuwa 2 + 3 + 4 na mengine ya aina hiyo. Kujumlisha hakujali unaanzia upande gani. Nilikuwa najaribu yale tu niliyojua yatafaulu. Nyani haoni kundule, na mwandishi wa programu ni nyani kabisa.

Hakuishia hapo. Akaandika kigeu chenye jina la herufi 40. Mimi nilikuwa nimetenga nafasi 32 na kunakili kwa strcpy bila kupima urefu. Programu haikuanguka. Iliandika juu ya kumbukumbu ya jirani na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, kisha kigeu kingine kabisa kikapoteza thamani yake. Hiyo ndiyo C. Tulipoijenga upya kwa -fsanitize=address, mstari wenye kosa ukatajwa mara moja. Chaguo hilo limo ndani ya GCC tangu 2013. Sikuwa nimewahi kuliwasha.

Usidhani haya ni ya wanagenzi tu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza jinsi walivyotumia programu yao iitwayo Csmith, inayobuni programu za C kiholela, kuzijaribu kompaila. Katika miaka mitatu waliripoti makosa zaidi ya 325 ambayo hayakuwa yamejulikana, zikiwemo kompaila kubwa kama GCC na LLVM. Kila kompaila waliyoijaribu iliwahi kuanguka, na iliwahi pia kutoa majibu ya uongo kimyakimya. Kama hao wanahitaji mtu wa nje, sembuse mimi?

Sasa, si kila maoni ni ya kufuatwa. Jamaa mwingine aliiangalia akaniambia nitupe kila kitu nitumie yacc, au niiandike upya kwa Rust. Huenda ana haki, lakini hiyo ni ladha. Mimi nilitaka kujifunza kwa mkono. Tofautisha hivi: anayekupa mfano unaovunja programu yako amekupa ukweli, urekebishe usiku huohuo. Anayekupa mapendekezo tu, mshukuru, kisha amua mwenyewe. Na ukiomba maoni usiulize "mnaonaje?" Utapewa sifa tu. Sema, "Nivunjie hii." Sema pia ni sehemu gani unayoitilia shaka, na umpe mistari michache ya kuanzia.

Kuna jambo moja limebaki, nalo linaniuma. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, mpwa wangu alinipigia simu. "Mjomba, nimekosea wapi? Inanipa jibu baya." Nilikuwa nikikimbilia matatu, nikamwambia aangalie alivyoandika, labda amesahau nukta-mkato. Akaniamini. Alikaa siku hizo zote akidhani yeye ndiye hajui kutoa.

Kwa hiyo maoni nilikuwa nayo tayari, tena ya bure. Sikuyasikia kwa sababu aliyeyatoa ni mtoto wa shule na mimi ndiye fundi. Nilimpigia nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kosa lilikuwa langu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kutafuta mengine.

Hadi leo amepata manne. Kugawanya kwa sifuri ndiyo ya kwanza.

Mficha uchi hazai. Toeni kazi zenu nje, jamani, zingali mbichi. Tuonane tena.