Mwanafunzi wa Utabibu na Siasa

Ndugu wanachama, mara nyingi sisi husikia barazani mzazi akimuasa kijana wake asomaye utabibu: "Shika kitabu chako, siasa waachie wenyewe." Nasaha hiyo ina huruma ndani yake, wala hatuidharau. Lakini twauliza: je, siasa nayo itamwacha kijana?

Na tukitazame kisa cha José Rizal wa visiwa vya Ufilipino, vilivyokuwa chini ya Uhispania. Mwaka 1878 alianza kusomea utabibu mjini Manila, naye mama yake akipungukiwa na nuru ya macho. Likizoni, katika mji wao wa Calamba, alipita gizani asimwamkie askari ambaye hakumtambua, akajeruhiwa mgongoni. Alishitaki kwa wakubwa, asipate haki. Usiku ule hakuhutubu wala hakuandamana; alikuwa mpita njia tu.

Rizal hakukitupa kitabu. Mwaka 1882 alikwenda Uhispania, hatimaye akawa tabibu wa macho, akamfanyia mama yake upasuaji. Na mwaka 1887 akatoa riwaya yake, Noli Me Tangere, akiyafananisha maradhi ya nchi yake na donda baya ambalo kuliguswa tu ni maumivu. Wahispania walimpiga risasi mjini Manila tarehe 30 Desemba 1896.

Basi enyi wazazi, msiwafumbe vijana macho. Wasome, wahitimu, watibu, lakini afundishwaye kumuuliza mgonjwa, "Wapi panauma?" asikatazwe kuwauliza hivyo watu wa kisiwa chake. Mficha maradhi, kifo humuumbua.