TUNU ZA SAFARI: WENZETU WATULETEE NINI KUTOKA NYAKATUNTU?

Ndugu Wanachama,

Kamati yetu imekwisha kubali kwamba wanachama 12 waende Bara kuwazuru wakulima wa kahawa wa Nyakatuntu, Wilaya ya Kyerwa, Mkoa wa Kagera. Safari yenyewe ni ya bahari na ziwa: boti mpaka Dar es Salaam, nchi kavu mpaka Mwanza, kisha meli ya usiku kuvuka Ziwa Viktoria mpaka Bukoba, na kutoka huko ni gari kupita Kyaka na Karagwe. Khabari za nauli na malazi zilikwisha elezwa. Limebaki neno moja, ambalo wengine waliliona dogo na sisi twaliona kubwa, nalo ni zawadi. Watu hawa 12 wakirudi, watuletee nini?

Katika mazungumzo ya wanachama zimetoka fikra mbili. Wako wasemao kwamba kila msafiri apewe fedha kidogo anunue apendacho. Wako wasemao kwamba asinunue mtu kitu, fedha zibaki katika mfuko wa Chama. Sisi twaona fikra zote mbili hazifai, na twaomba ruhusa ya kueleza kwa nini.

Kurudi mikono mitupu si dasturi yetu. Wazee walisema, mkono mtupu haulambwi, na dini imetufundisha kwamba hidaya huzidisha mapenzi baina ya watu. Safari hii inalipwa kwa michango ya wote, na walio wengi hawatakwenda. Mzee aliyechuma karafuu miaka 40 na hajavuka Chumbe ana haki ya kushika mkononi kitu kilichotoka huko wenzake walikofika. Kwa hivyo zawadi ziwepo.

Lakini kumpa kila mtu fedha na kumwambia nunua upendacho, matokeo yake tunayajua. Siku mbili za mwisho wasafiri hushikwa na haraka. Hukumbuka jamaa zao wote kwa pamoja, huingia dukani Mwanza au Kariakoo, hununua chupa za chai, saa za ukutani na vitambaa vilivyotoka ng'ambo, vitu ambavyo vimejaa Darajani na Chake Chake. Mtu husafiri siku nne kwenda na siku nne kurudi, akaleta kitu ambacho mkewe angalikipata kwa nauli ya daladala. Hiyo si tunu ya safari, ni mzigo tu.

Tusiwacheke wasafiri peke yao. Tutazame bandari yetu wenyewe. Meli kubwa za watalii zinapotia nanga Unguja, abiria hushuka kwa saa chache tu, huzunguka Mji Mkongwe, kisha hurudi melini na mifuko. Mifukoni mna nini? Mna vinyago, ambavyo asili yake ni Wamakonde wa kusini. Mna picha za Tingatinga, ambazo Edward Saidi Tingatinga alianza kuzichora Dar es Salaam mwaka 1968. Ni kazi nzuri, na waliozifanya wapate riziki yao, illa si kazi za Unguja wala Pemba. Halafu mna pakiti ndogo ya viungo, na ndani yake karafuu chache. Mgeni akifika kwao akaulizwa karafuu hii imetoka shamba gani, nani kaipanda mtini kuichuma, ilianikwa siku ngapi, hana jibu. Aliyemuuzia hakumwambia, na pengine mwenyewe hajui. Sisi hulalamika kwamba mgeni hununua harufu yetu bila ya kutujua. Basi je, tukifika kwa watu tukafanya vivyo hivyo, tutakuwa na ulimi wa kulalamikia?

Tunu njema, kwa fikra zetu, ni ile ambayo aliyeileta aweza kujibu maswali matatu juu yake: nani kaifanya, kaifanyaje, na kalipwa nini. Asiyeweza kujibu matatu hayo kanunua bidhaa, wala hana tunu.

Na sisi wakulima wa karafuu ndio tupaswao kulijua hilo kuliko watu wengine, maana mkarafuu wenyewe ulikuja kwa meli. Asili yake ni visiwa vya Maluku, mbali mashariki. Wafaransa waliichukua miche wakaifikisha Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Masimulizi humtaja Saleh bin Haramil al-Abri kuwa ndiye aliyeileta. Seyyid Said akahimiza ipandwe, na Visiwa vikajulikana dunia nzima kwa mti uliokuja kama mgeni. Hakuna tunu ya safari iliyozaa zaidi ya hiyo. Lakini tukiuliza lile swali la tatu, wachumaji walilipwa nini, jibu ni chungu: mashamba ya mwanzo yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na hali hiyo haikuanza kuondoka kisheria mpaka ilipotoka amri ya mwaka 1897. Kwa hivyo swali hilo la malipo si la kupamba maneno. Kwetu sisi ni swali la historia yetu.

Sasa tuje Kagera. Njia ya kutoka pwani kwenda Karagwe si mpya. Katika karne ya 19 wafanyi biashara wa pwani walikuwa na makazi yao Kafuro, karibu na mji wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, na Waingereza Speke na Grant walipofika kwa mfalme huyo mwaka 1861 waliwakuta watu wa pwani wamekwisha kutangulia. Walikwenda na nguo, shanga na masango, wakarudi na pembe za ndovu. Pembe leo ni haramu kwa sheria, na ni sawa iwe hivyo. Kadhalika ngozi, magamba ya kasa, na chochote kilichotoka katika mbuga za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizofanywa Hifadhi za Taifa mwaka 2019. Msafiri wetu akipewa kitu cha namna hiyo kwa bei rahisi kichochoroni, asikiguse.

Basi cha kuleta ni kipi? Sisi twataja kitu kimoja mbele ya vyote: kahawa ya kutafuna, ambayo Wahaya huiita amwani. Matunda ya kahawa huchumwa yangali mabichi, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha hukaushwa. Haisagwi wala haipikwi kinywaji. Hutafunwa, na mgeni akifika nyumbani huandaliwa hiyo kwanza, kama sisi tunavyomtilia mgeni kahawa kikombeni na tende sahanini. Zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana tunda moja la kahawa, kwa kuwa ndani ya tunda moja mna mbegu mbili, na kila mmoja alikula mbegu iliyopakwa damu ya mwenziwe. Mambo ya damu si ya dini yetu. Lakini maana ya mbegu mbili katika ganda moja, nani asiyeifahamu? Wakulima wa karafuu na wakulima wa kahawa ni mbegu mbili za namna hiyo. Sote twachuma kwa mkono, twaanika, twaomba mvua isinyeshe juu ya majamvi, kisha twangoja bei ambayo hatukuipanga sisi.

Kahawa hiyo hufaa kwa sababu nyingine pia. Ni nyepesi. Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa madhara ya chombo kilichozidi uzito. MV Bukoba ilizama ziwani tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na katika kila nyumba ya Wete na Chake Chake pana mtu anayemjua aliyepotea. Mikungu ya ndizi na magunia ya maharage yabaki huko. Kikapu kidogo cha kusokotwa chenye kifuniko, na ndani yake amwani, huingia mkobani.

Lakini inunuliwe vipi? Hapa ndipo penye hatari, na ndipo tunapotaka wasafiri wawe macho. Kagera kuna ada mbaya iitwayo butura. Mkulima aliyebanwa na shida, ada ya shule au mgonjwa, huiuza kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ndogo sana, na msimu ukifika mwenye fedha huja kuivuna. Wanachama wetu hawatauliza butura ni nini, kwani wanaijua kwa jina la rahani na kwa jina la kuuza karafuu mtini. Tangu mwaka 2018 Serikali imetaka kahawa ghafi ipitie vyama vya msingi vya ushirika, na mojawapo ya sababu ni kuwazuia walanguzi kama hao. Kwa hivyo msafiri wetu asiingie kibanja cha mtu akanunua debe la kahawa ghafi kwa kuwa ameambiwa bei ya chini. Bei ya chini yaweza kuwa ni shida ya mtu. Anunue kilichokwisha tengenezwa, kwa mama aliyekitengeneza, aulize bei mara moja, alipe bila ya kumkaba. Akipewa ruhusa, aandike jina lake na kijiji chake katika karatasi, akitie karatasi ndani ya kikapu. Karatasi hiyo ni nusu ya zawadi.

Na sisi tusiende kwao mikono mitupu. Mikoba ya ukili iliyosukwa na wake za wanachama itafaa sana. Ama karafuu, ziwepo, lakini zichukuliwe kwa idhini ya ZSTC na karatasi zake zote. Itakuwa aibu gani Chama cha wakulima kukamatwa bandarini kwa magendo ya karafuu, hata kama ni kilo mbili za hidaya!

Liko jambo moja ambalo tunajua litakuwa gumu. Mkulima akifika shamba la mwenziwe, kitu cha kwanza anachotamani si kikapu. Ni mche. Huona mgomba mzuri akaomba chipukizi, akalifunga katika gunia lenye udongo wake. Twasema kwa mkazo: mche hapana, chipukizi hapana, udongo hapana. Mnyauko wa migomba ulionekana Kagera mwaka 2006 na umekwisha kuwamaliza migomba watu wengi, na huo huenea khasa kwa machipukizi na visu. Mnyauko wa mibuni ulionekana huko mwaka 1997. Sisi nasi tuna maradhi yetu ya mikarafuu kufa ghafla, tusingependa kuwapelekea watu. Miche ya Maluku iliyofika salama ilikuwa ni bahati, na bahati si kanuni ya kilimo. Anayetaka mbegu apitie kwa wakaguzi wa mimea wa Serikali. Badala ya mche, msafiri alete maarifa: aulize kibanja hupangwaje, kahawa chini na ndizi juu, samadi hutiwa lini, na watafiti wa kahawa wa Maruku waliwapa miche gani inayostahimili mnyauko. Maarifa hayana kizuizi bandarini.

Tunajua watasema watu, na nyumbani je? Watoto hawali karatasi yenye jina la mama wa Nyakatuntu. Ni kweli, na hatumkatazi mtu kumnunulia mwanawe viatu kwa fedha zake mwenyewe. Tunayoyasema ni juu ya fedha za Chama. Fedha za Chama zinunue tunu za Chama.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, fedha ya zawadi isigawiwe kwa vichwa, bali iwekwe kwa watu wawili watakaochaguliwa, mmoja mwanamke. Pili, kinunuliwe kikapu kimoja kwa kila tawi, na kimoja kwa ofisi kuu, na amwani ndani yake zigawiwe wanachama siku ya mkutano, tutafune sote. Tatu, kila kikapu kiwe na karatasi yake yenye majibu ya maswali matatu.

Na la nne ndilo kubwa. Kikapu cha ofisini kiwekwe mezani, kando yake tutie pakiti za karafuu zetu tulizozipata kwa njia ya halali, na katika kila pakiti karatasi ya namna ile ile: tawi la mchumaji, siku za kuanikwa, na malipo aliyopata. Meli ya watalii ikija, tuanzie hapo. Mgeni atakayekwenda kwao na pakiti hiyo atakuwa na la kusema. Chema chajiuza, lakini hakina budi kwanza kijulikane ni cha nani.

Twaomba matawi yalijadili shauri hili kabla ya Mkutano Mkuu, na kila tawi lilete jibu lake kwa maandishi. Anayepinga apinge kwa hoja, tutamsikiliza. Inshallah wenzetu wataondoka kwa salama na watarudi kwa salama, na mikononi mwao wawe na kitu chenye jina.

Wassalaam,
Katibu wa Chama