Mwenyekiti wa mtaa aapishwe mtaani

Novemba 27, 2024 wakazi wa Mlabani, hapa Ifakara, kama Watanzania wengine, walichagua wenyeviti wa mitaa na wajumbe wao. Kilichofuata ni desturi ya nchi nzima: washindi hukusanywa ukumbini, huyu ameinua Biblia, yule Msahafu, hakimu anasoma nao wanafuatisha kwa sauti moja. Kisha sahihi, semina, soda na picha ya pamoja. Mpiga kura hayupo.

Kisheria kiapo hicho hakina kasoro. Ugomvi wetu ni mahali kinapoliwa.

Tazama Kanisa linavyofanya. Jimbo Katoliki la Ifakara lilipoanzishwa mwaka 2012, lilipata askofu wake wa kwanza, Salutaris Libena. Utaratibu wa Kanisa ni kwamba barua ya Papa isomwe waumini wakisikia, kisha askofu aongozwe hadi kwenye kiti chake, katika kanisa lake. Hata mtoto anatoka pale akijua nani kakabidhiwa nini.

Mwenyekiti wa mtaa naye anahitaji kuonwa hivyo. Mto Lumemo ukifurika, yeye ndiye wa kwanza kuulizwa ni kaya zipi zimeingiliwa na maji. Mpaka wa shamba la mpunga ukigombewa, au benki ikitaka barua ya utambulisho, mlango unaogongwa ni wake.

Kuna na makabidhiano, ambayo ndiyo yanatukera zaidi. Mhuri, daftari la wakazi, jalada la migogoro ya ardhi, hesabu za michango: vyote hivyo vinahama mikono lini, na mbele ya nani? Mitaa mingi ofisi ni baraza la nyumba ya mwenyekiti. Akishindwa uchaguzi, ofisi inabaki kwake, na mrithi wake anaanza na daftari jipya la dukani.

Halmashauri ya Mji wa Ifakara ina hadi uchaguzi wa 2029 kujipanga. Fedha ya ukumbi na chakula imsafirishe hakimu, mtaa kwa mtaa. Mwenyekiti ale kiapo chini ya mwembe, anayeondoka aweke vitu mezani, mtendaji wa mtaa avisome kimoja kimoja, wote wasaini. Tutaambiwa mahakimu ni wachache. Basi kiapo kibaki ukumbini, lakini makabidhiano yafanyike katika mkutano wa kwanza wa wakazi.

Walioapishwa 2024 hawana haja ya kuapa upya. Waitishe mkutano, waje na madaftari.