Degedege: ndege gani huyu anayemshika mtoto?

"Dege lilimpitia, mwanangu." Bibi mmoja wa Pangani alinieleza hivyo alipokuwa akisimulia usiku ambao mjukuu wake, akiwa na homa kali, alikakamaa, akageuza macho na kuanza kutupa mikono.

Dege ni ndege mkubwa. Wazee wengi wa pwani waliamini kuna pepo anayejigeuza ndege, akimpitia mtoto usiku humwachia maradhi. Litamke mara mbili, degedege, utadhani unasikia mabawa yakipiga. Aliyelibuni neno hili, nadhani, alimtazama mtoto vizuri sana.

Shida ni kwamba jina huchagua njia. Ikiitwa homa, mtoto anapelekwa zahanati. Likiitwa dege, anaanzia kwa mganga. Utafiti wa Bagamoyo uliochapishwa mwaka 1996 ulikuta watoto wakifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, wengine wakikojolewa, kabla ya kufikishwa hospitali.

Halafu kuna sindano. "Sindano na dege havipatani," bibi aliniambia, na kauli hiyo utaisikia sehemu nyingi. Sikumcheka. Mtoto akichelewa kufikishwa, akachomwa sindano na kufariki saa hiyo hiyo, nyumbani wanaikumbuka sindano. Saa sita zilizopotea kabla yake hakuna anayezihesabu.

Kwetu huku, mtoto mwenye homa akishikwa na degedege, malaria ndiyo ya kwanza kushukiwa, maana ikiwa kali hufika kwenye ubongo. Huenda pia ikawa homa ya uti wa mgongo, au sukari imeshuka mwilini. Mabawa hayawezi kukuambia ni ipi, kipimo kitakuambia.

Likimshika, mlaze ubavu, mahali pasipo na kitu cha kumuumiza. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane, usimnyweshe chochote mpaka azinduke. Tazama saa: likipita dakika tano, ni hatari kubwa. Hata likikoma mapema, nenda hospitali usiku huo huo.

Mjukuu wa Pangani alifikishwa alfajiri, baada ya mganga, akapona. Sasa yuko darasa la tatu.

Ukifika mapokezi usihangaike kutafuta neno la kitaalamu. Sema "degedege", muuguzi ataelewa mara moja. Kisha mwambie lilianza saa ngapi, limemshika mara ngapi, na dawa gani ameshapewa, hata ile ya mganga.