Tahadhari: kagua seva yako kabla stima haijapotea

Kwa kila fundi anayetunza seva hapa Bukura, iwe ya shule, ya chuo, ya zahanati au ya chama cha akiba na mikopo: kagua leo, kabla ya ngurumo za alasiri, seva yako itawaka kutoka wapi stima ikirudi.

Hatari iko kwenye amri moja. Fundi aliye Kisumu au Nairobi akitaka kusakinisha mfumo upya, hukiagiza kidhibiti kilichomo ndani ya seva (Dell hukiita iDRAC, HPE hukiita iLO) kupitia lugha yake ya IPMI, kwa kuandika:

ipmitool chassis bootdev pxe options=persistent

Sumu ni neno la mwisho. Bila hilo, seva huwaka kupitia mtandao (PXE) mara moja tu, kisha hurudi kwenye diski yake. Likiwepo, agizo linadumu. Fundi anamaliza kazi na kuaga, na kwa kuwa seva haizimwi, miezi inapita bila mtu kugundua. Kisha mvua inanyesha, stima inapotea, inarudi. Ikiwa mashine inayosakinisha mfumo kupitia mtandao ingali imewashwa, na imeagizwa kufuta diski bila kuuliza, seva itatii. Alama za wanafunzi, rekodi za wagonjwa na hesabu za wanachama zitafutika bila mtu kugusa kitufe.

Kwa hiyo zima kwanza hiyo mashine ya kusakinishia. Halafu andika ipmitool chassis bootparam get 5. Ukiona "Options apply to all future boots" pamoja na "Force PXE", futa agizo kwa ipmitool chassis bootdev none, kisha soma tena uhakikishe limeondoka. Fungua pia mpangilio wa BIOS, kwani baadhi ya seva huhifadhi agizo huko. Usipopata nafasi leo, ipmitool chassis policy always-off itaizuia seva kujiwasha yenyewe stima ikirudi.

Mlango huohuo wezi wanaujua. Mwaka 2018 waliosambaza JungleSec, programu ya kudai fidia, waliingia kupitia IPMI, wakawasha seva upya katika hali isiyodai nywila, wakafunga mafaili na kudai fidia. Badilisha nywila za kiwandani leo, ila usitegemee nywila peke yake: tangu 2013 inajulikana kwamba IPMI 2.0 humpa yeyote anayeuliza kwa jina sahihi la mtumiaji alama iliyotokana na nywila (hash), akaenda kuivunja kwa utulivu wake. Funga mlango wa UDP 623 usionekane kabisa kutoka intaneti.

Na ikiwa kioo tayari kinaonyesha usakinishaji ambao hukuuagiza, chomoa waya wa stima hapo hapo. Usiiwashe tena. Toa diski, ziweke kando, umwite mtaalamu wa kuokoa data, kwa sababu kisichoandikwa juu yake bado kinaweza kupatikana.