UCHANGANUZI: Mimba hutungwa lini hasa? Swali ambalo sheria haiwezi kulikwepa

KATIBA ya Kenya ya mwaka wa 2010 inatamka katika Kifungu cha 26 kwamba uhai wa mtu huanza mimba inapotungwa. Kwa msomaji wa kawaida, kauli hiyo i wazi kama mchana.

Lakini katika kliniki za uzazi za Parklands, Westlands na Hurlingham jijini Nairobi, ambako yai na mbegu ya kiume hukutanishwa ndani ya kisahani cha maabara, kauli hiyo hiyo yazua swali zito: mimba hutungwa lini hasa?

Yai likishatoka kwenye ovari huishi kwa saa 12 hadi 24 tu, ilhali mbegu za kiume zaweza kulisubiri hadi siku tano. Zikikutana nalo katika mrija wa uzazi, moja hupenya, na ganda la yai hubadilika mara moja ili kuzifungia nje zilizosalia.

Kisha kromosomu 23 za baba huungana na 23 za mama. Shughuli hiyo huchukua karibu siku nzima, wala si nukta moja kama wengi wanavyodhani.

Kufikia siku ya tatu, kiinitete huwa na seli nane hivi. Siku ya tano huwa kitufe chenye uwazi ndani: seli za nje zitaunda kondo la nyuma, na fungu dogo la ndani litakuwa mtoto.

Ni mnamo siku ya sita au ya saba ambapo kiinitete huanza kujishikiza kwenye ukuta wa tumbo la uzazi na kutoa homoni inayotambuliwa na vipimo vya mimba. Viinitete vingi hupotea kabla ya hapo, mwanamke asijue kamwe kwamba alikuwa navyo.

Je, mimba imetungwa siku ya kwanza au siku ya saba? Tumboni, tofauti ni wiki moja. Maabarani, tofauti hiyo yaweza kuwa miaka mingi, kwa kuwa kiinitete huhifadhiwa katika naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri.

Suala hili si geni nchini. Watoto wa kwanza waliotungishwa maabarani nchini Kenya walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006, chini ya uangalizi wa Dkt Joshua Noreh. Ilikuwa miaka 28 baada ya Louise Brown, wa kwanza duniani, kuzaliwa Uingereza.

Mwaka wa 2014, pacha waliobebwa na mama mbadala na kuzaliwa katika hospitali moja jijini walipelekwa katika makao ya watoto huku ikibishaniwa mama yao ni nani. Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hatua hiyo ilikiuka haki.

Mbunge Millie Odhiambo amefikisha suala hili Bungeni kupitia miswada ya mwaka wa 2014, 2019 na 2022. Muda wote huo, wanandoa waliendelea kuingia kliniki, wakitegemea zaidi mikataba na hati za idhini walizotia sahihi.

Wakitalikiana, viinitete vilivyogandishwa ni vya nani? Mume akifariki, mjane aweza kuvitumia? Na daktari anayevitupa baada ya muda wa kuvihifadhi kwisha, ameua mtu kwa mujibu wa Kifungu cha 26?

Uingereza, katika sheria yake ya 1990, haikujaribu kuamua uhai huanza lini. Iliweka mpaka wa siku 14 wa kukuza kiinitete maabarani, masharti ya kukihifadhi, na mamlaka ya kusimamia kliniki.

Hiyo ndiyo njia ya busara kwa Kenya pia. Sayansi yaweza kutueleza kinachotukia siku ya kwanza, ya tano na ya 14. Haiwezi kutuchagulia siku ya kuanza kumlinda mtu. Uamuzi huo ni wa wabunge, na haufai kuachiwa daktari peke yake mbele ya mtungi wa naitrojeni.